Mtamba Aliyemtoa Jemeli Chuoni

Jemeli binti Kimosop hakutaka kukimbia siku ile, na hilo lijulikane mapema, maana tangu mambo yaharibike kila mtu kijijini amejifanya hakimu. "Majuto ni mjukuu," wanasema wakitikisa vichwa. "Si angekataa?" Hebu! Wanaosema hivyo ndio hao hao waliomsukuma kwa mikono yao hadi kwenye mstari.

Ilikuwa sikukuu ya chama cha ushirika wa maziwa. Kila mwezi wa Juni chama huchinja mbuzi na kukodi vipaza sauti, mwenyekiti huhutubu mpaka watu wanasinzia, kisha wanawake hushindana mbio kutoka kwenye mtambo wa kupoza maziwa hadi shule ya msingi na kurudi. Zawadi huwa blanketi au sufuria. Mwaka huo mwenyekiti alikuwa na uchaguzi mbele yake, kwa hiyo akatangaza mtamba. Mtamba kweli, wa Friziani, ana hereni ya plastiki yenye namba sikioni, amefungwa utepe mwekundu shingoni, anatafuna nyasi za uwanja wa shule bila habari na mtu.

Jemeli alikuwa amekuja likizo tu. Alikuwa amemaliza mwaka wa tatu wa uuguzi katika chuo kimoja cha Marekani, kwenye mji wa mahindi na theluji, ambako miguu yake ndiyo iliyokuwa ikimlipia karo. Chuo kilimpa masomo, chakula na kitanda, naye akakipa mbio za mita elfu tano na elfu kumi. Sharti lilikuwa moja, na kila mkimbiaji wa chuo huko huimbishwa kama katekisimu: usile zawadi ya mbio. Ukichukua hela ya ushindi, basi umekuwa mkimbiaji wa kulipwa, na mkimbiaji wa kulipwa hana nafasi chuoni. Jemeli alilijua sharti hilo. Ungemwamsha usingizini angekutajia.

Lakini mtamba jamani ni hela? Kwetu Wakeiyo mtu akikupa ng'ombe hajakulipa, amekuheshimu, na ukimkataa mbele ya kadamnasi ni kama umewatemea mate wote waliokaa pale. Tena ng'ombe hawi wako peke yako, ni wa nyumba. Kichwani mwa Jemeli neno "zawadi" lilikuwa na sura ya bahasha, au ya hundi ile kubwa kama mlango wanayopigiwa picha washindi wa mbio za barabarani. Halikuwa na kwato wala pua yenye ute. Kwa hiyo, hata alipokuwa akisitasita pembeni ya uwanja, hakuwa akilifikiria sharti. Alikuwa akiwaza tu kwamba hana viatu vya mbio.

"Jemeli, toka huko!" jirani mmoja akampigia kelele. "Ama Marekani imekufanya mayai?"

"Mwacheni," mwingine akadakia. "Huyo amezoea kukimbilia kapeti. Mawe yetu yatamtoa kucha!"

Watu wakaangua kicheko. Jemeli naye akacheka, akaazima raba za mwanafunzi wa darasa la nane, akaingia. Alishinda kwa umbali wa aibu. Alifika, akanywa maji, akapangusa uso, ndipo wa pili akaonekana kwenye kona ya kanisa. Wakampa kamba ya mtamba mkononi. Akamkumbatia shingo na kucheka meno yote nje, karani wa chama akampiga picha, na kabla ya jioni picha ile ilikuwa kwenye simu ya kila mtu kuanzia Iten hadi bondeni Kerio.

Baba yake, mzee Kimosop, ndiye aliyemwongoza mtamba nyumbani. Huyo mzee ni mtu wa kimya. Unaweza kukaa naye asubuhi nzima mkitengeneza ua na neno analolitoa ni "shika" na "achia". Walipofika zizini alimpitishia mtamba kiganja mgongoni kutoka bega hadi mkia, akasema, "Mzuri." Kwa nyumba ile hiyo ilikuwa hotuba.

Wiki chache baadaye mtamba aliondoka. Kaka yake Jemeli, Yator, alikuwa ameshampa mimba binti mmoja wa Metkei aitwaye Jesang, na mambo hayo hayangoji. Wazee wakakaa, wakakubaliana, na mzee Kimosop akapeleka ng'ombe wa mahari. Mtamba wa Friziani ndiye aliyetangulia mbele ya wote, ili watu wa Metkei waone wanaoana na nyumba ya namna gani. Jemeli mwenyewe alimswaga hadi barabarani. Hakuwa na kinyongo hata kidogo.

Kisha kocha akapiga simu.

Kocha Halvorson alikuwa mama wa makamo, sauti ya kukwaruza, moyo mwema. Ndiye aliyempokea Jemeli uwanja wa ndege kwa koti zito mwaka ule wa kwanza. Siku hiyo hakuuliza habari za nyumbani.

"Jemeli, nina picha hapa mbele yangu. Wewe na ng'ombe."

"Ndiyo, Kocha. Mzuri, sivyo?"

"Niambie walikupa umshike tu, mpigwe picha."

Hapo ndipo angeweza kusema uongo, na kocha alikuwa amemtengenezea uongo wenyewe, amebakiza kuumeza tu. Jemeli hakuuona. Alikuwa bado anatabasamu.

"Hapana, nilishinda. Lakini sikuchukua hela, Kocha. Hata senti."

"Ng'ombe ana bei, Jemeli."

"Huyu hakuwa na bei. Alikuwa wa nyumbani."

"Ee Mungu wangu," kocha akasema taratibu, na hapo Jemeli akaacha kutabasamu. Kocha akaeleza. Watu wa ofisi ya kanuni za michezo walikuwa wameiona picha. Walikuwa wameacha mlango mmoja wazi: ng'ombe arudi chamani, yule yule mwenye namba ile ile sikioni, na chama kithibitishe kimempokea. Kama ameuzwa au amechinjwa au ametolewa kwa mtu, basi wanahesabu Jemeli ameshamla, na hapo hakuna tena la kusema. "Nimegombana nao siku mbili," kocha akasema. "Nimepata mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Ng'ombe yuko wapi?"

"Yuko," Jemeli akajibu. "Na masomo yangu?"

"Masomo yanakwenda na mbio. Unalijua hilo."

Alibakiza mwaka mmoja. Watu wa kwetu wanadhani msichana akikimbia vizuri basi anapenda kukimbia. Jemeli hakupenda. Mbio zilikuwa nauli tu. Alichokipenda alikigundua wodini, mwaka wa pili, walipompa mzee mmoja dhaifu ambaye wauguzi watatu walikuwa wamemchoma na kumchoma bila kuupata mshipa. Jemeli akaushika mkono wa mzee yule, akaupapasa, akafumba macho, akaupata mara moja. Tangu siku hiyo mzee hakutaka mwingine. "Mleteni yule mrefu," alikuwa akisema. Jemeli alikuwa ameshinda medali na hakuwahi kulala na furaha kama aliyolala nayo siku ya mshipa ule.

Basi akaingia jikoni, akamkuta mama yake na Yator wakimenya viazi, akawamwagia yote. Mama yake, ambaye kijiji kizima humwita Mama Yator, aliweka kisu chini. Yator yeye aliendelea kumenya.

"Ng'ombe weusi na weupe wamejaa dunia," alisema. "Tuazime mmoja kwa jirani, apelekwe chamani, apigwe picha, jioni alale kwake."

"Ana namba sikioni, Yator."

"Hereni hutoka."

"Iko sikioni mwa ng'ombe, na ng'ombe yuko Metkei kwa wakwe zako! Utaenda kumvua usiku kama mwizi?"

"Basi wanitoboe mimi sikio. Mimi pia ni ng'ombe tu humu ndani."

Mama akataka kucheka, akashindwa. Yator naye akaacha mzaha. Alikisukuma kiazi mbali, akamgeukia dada yake, na sauti yake ikawa nyingine kabisa.

"Jemeli, nakuomba. Yule mjomba wa Jesang hajawahi kunitaka. Anatafuta sababu tu. Ng'ombe wa mahari akirudishwa kabla ya harusi, kwao maana yake tumemkataa binti. Mtoto atazaliwa kwao. Mtoto wangu ataitwa jina la huyo mjomba, nami nitakuwa nikimpita njiani kama mgeni."

"Tunaweza kumwuliza baba," Jemeli akasema.

"Thubutu!" Mama alirukia neno hilo kabla halijatua. "Umemsahau Kandie?"

Hakuna aliyemsahau Kandie. Alikuwa rika lake mzee Kimosop, walitahiriwa pamoja, walichunga pamoja. Siku moja Kandie alimpa mtu ng'ombe, kisha akaenda kumnyang'anya. Tangu siku hiyo mzee Kimosop hakukanyaga tena nyumbani kwa Kandie. Hata Kandie alipokufa, mzee alisimama nje ya ua kofia mkononi mpaka watu walipomaliza kufukia, akaondoka.

"Mwambie baba yako akamrudishe ng'ombe wa mahari," mama akasema, "tutamzika yeye kabla ya hiyo Ijumaa yako. Mwanangu, nisikie. Mimi nimekaa naye miaka yote hii. Shule ni nyingi. Baba ni mmoja."

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuishi na mzee Kimosop. Jemeli alikubali asimwulize. Kila jioni baba yake aliketi mlangoni na redio yake ndogo, na kila jioni Jemeli alimpelekea chai, akasimama kidogo, baba akasema "asante", Jemeli akarudi ndani. Ndivyo ilivyokuwa, siku baada ya siku, na Ijumaa ikizidi kusogea.

Jumapili alikwenda Metkei bila kumwambia mtu. Alibeba sukari na majani ya chai. Alikuwa ameyapanga maneno yote njiani: angeanza na salamu, angeeleza habari ya chuo, angeomba mtamba kwa muda tu, angeahidi wengine wawili. Mama Jesang alimwona akiwa mbali, akatoka mbio, akamkumbatia mpaka sukari nusura imwagike.

"Mkimbiaji wetu! Ingia, ingia. Mbona umekonda? Huko hawali?"

Akamkalisha, akamletea maziwa ya kibuyu, mursik iliyolala ikaganda vizuri na unga wake wa mkaa wa kunukia, akamwangalia akinywa mpaka mwisho kama anayehakikisha mtoto amemeza dawa. Jesang akaja, tumbo mbele, akaketi karibu naye.

"Mwezi wa kumi utakuwa wapi?" Jesang akamwuliza.

"Chuoni... sijui. Kwa nini?"

"Nataka wa kunizalisha uwe wewe, si yule nesi wa zahanati yetu. Yule mama ni mkali! Juzi nililia kidogo tu, akaniambia, 'Wakati ule hukulia.'"

Wakacheka wote watatu. Jemeli alicheka na machozi yakamlenga, akasingizia moshi.

"Njoo sasa umwone wajina wako," Mama Jesang akasema akimshika mkono.

"Wajina wangu?"

"Mtamba! Tumempa jina lako. Nikiita 'Jemeli!' anakuja. Tena anakuja mbio, mwenyewe utaona. Jemeli! Jemeli we!"

Na kweli mtamba akaja mbio kutoka upande wa mtoni, amenawiri, anang'aa, hereni inachezacheza sikioni. Jemeli mtu akasimama pale, mkono mmoja kwenye pua ya Jemeli ng'ombe. Akaona ni sasa au basi.

"Mama," akaanza, "mtu akija kumwomba huyu..."

"Nani?" Mama Jesang akaruka huku akicheka. "Nitamkimbiza kwa panga! Huyu ndiye aliyewanyamazisha midomo. Kaka yangu alikuwa akisema binti yetu ameokotwa na watu wa hivi hivi. Alipomwona huyu anatangulia, alikaa kimya mpaka wageni wakaondoka. Unajua nilivyolala usiku ule? Nililala kama mtoto." Akampangusa mtamba tongotongo kwa pembe ya leso. "Ulikuwa unasemaje, mwanangu?"

"Hapana, mama. Nilikuwa natania."

Njiani kurudi alishuka kwenye pikipiki kabla ya kufika, akaingia katikati ya shamba la viazi la mtu asiyemjua, akakaa chini akalia kwa sauti. Alimlilia yule mzee wa wodini ambaye labda alikuwa ameshakufa, akalilia sare yake ya bluu aliyoiacha imekunjwa kabatini huko ng'ambo. Zaidi ya yote alilia kwa hasira, maana hakuwa na mtu wa kumkasirikia. Kocha hakuwa na kosa. Chama kilimpa kwa nia njema. Yator alikuwa na mtoto wake wa kumtetea, na Mama Jesang alikuwa amempenda. Hata ng'ombe alikuwa amefanya nini? Angepata adui mmoja tu, hata mdogo, angeshukuru.

Huko Iten kulikuwa na wakala mmoja wa wakimbiaji, Mbelgiji, Joost, ambaye alikuwa amemnyemelea Jemeli tangu akiwa mwaka wa kwanza. Ana kambi yake, nyumba ya mabati mekundu yenye vyumba vya watu wawili wawili, na msaidizi wake ni Kocha Chumo, mtu mwenye mdomo. Jumatano Jemeli alipofungua lango, Chumo alikuwa akioga jua na saa yake ya mbio shingoni.

"Nesi!" akapaza sauti. "Umekuja kunidunga sindano ama umekuja kazi?"

"Kazi," Jemeli akasema.

Chumo akasimama. Mzaha ukamtoka usoni. "Na shule?"

"Imekwisha."

"Ilikuwa imebaki mwaka."

"Kocha, nimesema imekwisha."

Joost hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akamwagizia chai, akamweleza yote bila kuficha. Kwanza angewavuta wenzake: angekimbia mbele ya kundi katika mbio ndefu za barabarani huko Ulaya, awashikie mwendo hadi kama kilomita thelathini, kisha atoke pembeni, wao waende wakashinde. Akivuta vizuri msimu mmoja au miwili, ndipo naye angepewa mbio zake. Orodha ya wavutaji wa vuli ilikuwa inafungwa siku hiyo hiyo, na alimtaka.

"Nikiumia?" Jemeli akauliza.

"Leo ni siku ya furaha," Joost akajibu. "Tusizungumze kuumia."

Chumo akatazama dirishani. Wote wawili, yeye na Jemeli, walimjua Jepsergon, aliyetoka kambi nyingine hapo hapo Iten, nyonga ikamvunjika barabarani akiwa bado msichana. Sasa anauza viatu vya mitumba sokoni, na mteja akitaka vya rafu ya chini humwambia ajiinamie mwenyewe.

"Na nikitaka kurudi chuoni baadaye?"

"Kwa nini usirudi?" Joost akasema. "Ukifika miaka thelathini na tano, una shamba, una nyumba, soma mpaka uchoke!"

Wasichana wawili wa kambi waliokuwa mlangoni wakacheka, si kwa ubaya. Jemeli akahesabu alichonacho. Akikataa, Ijumaa ingefika, ng'ombe angekuwa Metkei, chuo kingemfuta, na angebaki nyumbani bila shule na bila mbio, akimenya viazi na kungoja mtu wa kumwoa. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Alijiambia hivyo kama mtu anayejisukumia kijiko cha dawa chungu, akatia sahihi.

Akampigia Kocha Halvorson akiwa bado langoni.

"Nimejiunga na wakala, Kocha."

Kocha alisikika akivuta kiti na kuketi.

"Ulikuwa bado na siku mbili," kocha akasema.

"Siku zisingenisaidia."

"Ulikuwa muuguzi mzuri, Jemeli," kocha akasema. Akakata. Jemeli alibaki ameshika simu. Kocha alikuwa amesema "ulikuwa", jamani, kama wanavyosema msibani.

Habari za heri hazifichiki, na kijijini hiyo ilihesabiwa heri. Alhamisi asubuhi gari la kambi lilipokuja kumchukua, wanawake walikuwa wameshajaa uani wakiimba. Mmoja amembeba mtoto mgongoni akamwonyesha, "Mwone, mwone, huyo anaenda Ulaya!" Yator alibeba begi lake hadi garini, akalipanga, akalipangua, akalipanga tena, asiweze kumtazama dada yake machoni. Jemeli alikuwa akipeana mikono huku na huku, akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Mama yake hakuwa akiimba. Alikuwa amesimama kando ya ghala, leso mdomoni. Alfajiri, wakati wa kukamua, siri ile ilikuwa imemshinda. Miaka yote ile hajawahi kumficha mumewe jambo, basi akamwambia mzee yote huku amekamata chuchu za ng'ombe, asimtazame. Mzee alichukua ndoo yake akaondoka.

Sasa mzee alitokea upande wa zizi. "Jemeli," akaita. Wanawake wakanyamaza, kwa sababu sauti ile walikuwa hawaisikii mara kwa mara.

Jemeli akamfuata zizini. Mzee aliegemea mti wa lango, fimbo kwapani.

"Mama yako ameniambia habari ya ng'ombe."

"Ndiyo, baba."

"Ulijua lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Jemeli akainamisha kichwa. "Ulikuwa hapa, baba."

"Ulikuwa ukiniletea chai."

"Ndiyo, baba."

"Kila siku."

"Niliogopa, baba. Nilikumbuka Kandie. Nikasema, ukisikia ng'ombe wa mahari..."

"Kandie alimnyang'anya mjane," mzee akasema. "Mjane, Jemeli, aliyekuwa na watoto wa kunywa maziwa. Akaenda akamwuza ng'ombe yule, akalewa. Hamkuambiwa hilo?"

Hawakuwa wameambiwa. Mzee hakuwahi kusema, wala hakuna aliyewahi kumwuliza. Aliinua fimbo akaonyesha ng'ombe wawili waliokuwa wamesimama karibu, yule mwekundu wa mama na yule mkubwa mwenye pembe za kulala, ambaye alikuwa amekataa kumwuza hata mwaka wa ukame.

"Ningewachukua hao. Ningekwenda Metkei na Yator, tuketi, niwaambie, binti yangu ana shida, nipeni yule mmoja, chukueni hawa wawili. Nani angenikatalia? Na wao si wana binti?"

Mzee Kimosop alikuwa ameongea siku hiyo kuliko alivyowahi kumsikia akiongea maishani mwake, na alikuwa hajamaliza.

"Leo ni Alhamisi?"

"Alhamisi, baba."

"Walikupa mpaka lini?"

"Kesho."

Mzee akageuka upesi, upesi wa kijana, akachomoa mti wa lango, akaitwaa kamba kwenye nguzo na kumtia yule mwekundu shingoni. "Basi bado. Yator! Yator, njoo hapa! Tukitoka sasa, jua likiwa juu tumeshafika."

"Baba."

"Mwambie mama yako atoe sukari."

"Baba, nimeshatia sahihi. Jana."

Mzee akasimama, kamba mkononi. "Nenda ukafute."

"Haifutiki, baba. Nimeshakuwa wa kulipwa. Hata ng'ombe akirudi leo, hawanipokei."

"Ukiwaeleza? Ukiwaambia baba yangu hakujua?"

"Haifutiki."

Barabarani dereva wa kambi alipiga honi, kisha akapiga tena. Wanawake, ambao hawakuwa wamesikia lolote, wakaanza wimbo mwingine. Mzee Kimosop aliitazama kamba, akamtazama binti yake. Jemeli alitamani baba yake ampige. Alitamani amfokee, amwite mjinga, amlaani hata.

"Nenda," mzee akasema. "Gari linakungoja."

Jemeli akaenda. Alipofunga mlango wa gari na kugeuka, aliona lango la zizi likiwa wazi bado na ng'ombe wameanza kutoka, na baba yake amesimama katikati yao, hajamzuia hata mmoja.